Nani Alifungua Lango la Mazimwi

Mjukuu wangu tunamwita Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hajanyamaza. Sasa ni msichana mkubwa, anapokea simu katika kampuni moja ya maji, na anakaa kwangu kwa sababu ni karibu na kazini kwake. Akitoka zamu ya asubuhi anavua viatu, anavuta kigoda pembeni ya cherehani yangu, anaanza. Babu yake alipoondoka duniani nyumba ilikuwa kimya mno, kwa hiyo mimi sijawahi kumchoka.

Habari yake kubwa ilikuwa mazimwi. Kuna mchezo anaoucheza kwenye simu, wa nchi ambayo haipo, yenye majoka, wachawi na wapiga mishale. Katika nchi hiyo, zamani sana, mazimwi walikuwa na himaya kubwa kuliko zote. Walijenga barabara za mawe, wakachonga mji mzima ndani ya mlima. Halafu himaya ikaanguka. Yamebaki magofu tu, wachezaji wanapita humo wakitafuta panga na dhahabu. Waliotunga mchezo hawakusema mazimwi walipatwa na nini. Basi watu wazima, wenye kazi na watoto, wanashinda mtandaoni wakibishana.

"Wengine wanasema tauni, Bibi," aliniambia siku moja. "Wengine wanasema mto ulihama. Kuna mmoja anajiita Daktari wa Mazimwi, yeye kashikilia kwamba walikula uyoga mbaya."

"Himaya nzima?"

"Himaya nzima."

"Walikuwa hawana mpishi wa kuonja?"

Alicheka hadi akashika mbavu. "Ngoja niwaandikie hilo," akasema, vidole vikaanza kukimbia kwenye kioo cha simu. Nami nikafurahi. Mtu wa umri wangu akichekesha watu asiowajua, anashona marinda yake kwa raha zaidi.

Maana kazi yangu ni hiyo, sare za shule. Sketi za marinda, mashati, kaptula. Asubuhi nashona na mdogo wangu, aliyenifuata tumboni, ambaye Chiriku anamwita Bibi Mdogo. Anakaa na mwanawe na mkwewe mtaa wa pili. Macho yake yamepungua nguvu, lakini hataki kusemwa, kwa hiyo kabla hajafika huwa natunga uzi kwenye sindano kadhaa na kuzichomeka kwenye kimto cha sindano, azikute tayari. Yeye naye hanipi nafasi ya kushika pasi. Anajua mgongo wangu unavyouma. Nikiisogelea tu, anakuja juu: "We bibi kizee, toka hapo, utauunguza mkono ukanililie mimi." Tumeishi hivyo. Mchana anarudi kwake, na Chiriku anaingia.

Siku ya lango naikumbuka vizuri. Chiriku alisimamisha simu kwenye kopo la vifungo, akapunguza mwanga usiniumize macho bila mimi kumwomba, akanionyesha lango kuu la mji wa mazimwi.

"Tazama, Bibi. Halikuvunjwa. Sasa tazama upande wa ndani. Komeo liko wapi?"

Nikavaa miwani. Komeo lilikuwa limevutwa pembeni, ukutani.

"Limefunguliwa na mtu wa ndani," nikasema.

"Ndiyo hapo! Hakuna vita, hakuna tauni. Wamesalitiwa. Watu wote sasa wanatafuta nani. Wengine mlinzi, wengine kuhani. Mimi nasema ni mlinzi."

Akanitembeza ndani ya magofu. Ukutani kulikuwa na sura za wakubwa wao zimechongwa, zote pua zimevunjwa, macho yametobolewa. Ila sura moja ilikuwa nzima, ya zimwi kijana wa kike, meno yake mawili yametokeza, nywele zimesukwa.

"Huyu nani?"

"Binti mdogo wa mfalme. Hana kazi yoyote kwenye hadithi."

"Adui amevunja wote akamwacha yeye. Ndiye aliyemfungulia."

Mimi nikasogeza uso. Juu ya ile sura jiwe lilikuwa jeusi, kama ukuta wa jikoni juu ya jiko. "Na hapo chini palikuwa panawashwa taa," nikasema. "Moshi huo si wa siku moja. Mji ushaanguka, adui kashaondoka, na bado kuna mazimwi wenzake wanarudi kumwashia taa. Walijua ni yeye. Walimpenda hivyo hivyo."

"Aa, Bibi, nani ampende msaliti?"

"Wapo."

"Umejuaje?"

Laiti ningesema sijui. Lakini alikuwa ameniinamia, kidevu mkononi, amenyamaza kweli kweli, na mimi jambo lile nilikuwa nimekaa nalo miaka mingi pasipo kumwambia hata babu yake. Nikasimamisha mashine nikamwambia.

Nilipokuwa msichana mama yetu aliugua, ugonjwa wa kulala kitandani. Baba alikuwa hayupo tena. Mimi nilikuwa nimemaliza shule na nimeomba kusomea uuguzi. Hakuna kitu nilichokitaka kama hicho. Siku moja nimekwenda sokoni, mwalimu wangu akaja nyumbani, akamkuta mdogo wangu mlangoni, akamwambia: mwambie dada yako nafasi imepatikana, Jumatatu awe chuoni bila kukosa, akichelewa watampa mwingine. Mdogo wangu akasema ndiyo, mwalimu. Mimi nikarudi na kapu langu, asiniambie neno. Jumatatu ikapita, ninamgeuza mama kitandani. Mama akafa. Wiki ile ile ya mazishi nikakutana na mwalimu njiani, akaniuliza kwa masikitiko, mbona hukuja, na ujumbe nilimpa mdogo wako? Nikarudi nyumbani. Nikamkuta mdogo wangu nyuma ya nyumba anafua mashuka ya mama. Alikuwa mtoto, mikono kama vijiti, sabuni hadi kwenye nyusi. Nikamtazama. Halafu nikakaa, nikashika ncha ya pili ya shuka, tukalikamua pamoja.

"Na hukumwambia?" Chiriku akauliza kwa sauti ndogo.

"Sijamwambia mpaka leo. Na hajui kama najua. Hicho ndicho kitu pekee ninachokilinda katika dunia hii, mjukuu wangu. Akijua, hataweza kunitazama tena. Kwa hiyo hili liishie hapo hapo kwenye kigoda."

"Bibi, kwani mimi nina mdomo?"

Tukacheka wote wawili, maana hana kitu kingine.

Baada ya hapo niliona ameniongezea upendo. Aliniletea mto wa kukalia. Alinifutia mashine mafuta. Nilijiambia, mtoto huyu nimemwamini naye ameuona uzito wake.

Ilipokaribia shule kufunguliwa nilikwenda dukani kununua kitambaa cha bitana. Binti anayeuza vitambaa pale ni mtu mwema. Aliniona tu mlangoni akanivutia kiti, akanipa maji kabla sijasema ninachotaka. Nilipofungua mdomo kumshukuru, akashika mashavu yake.

"Samahani, Bibi. Wewe si ndiye Bibi wa Mazimwi? Ni wewe! Sauti ni hiyo hiyo!"

"Bibi wa nini?"

"Mimi nilikuwa nabisha nasema ni kuhani. Uliposema ule moshi wa taa, nikanyoosha mikono. Kila siku mchana nikikaa na mteja simu iko hapa chini ya meza, nakusikiliza na mashine yako inavyolia."

Nilitabasamu. Hayo ya kunisikiliza sikuyaelewa, nilidhani Chiriku amenisifia huko kwa wenzake, na nilijisikia vizuri, sitaficha. Binti akakata kitambaa, akakikunja. Halafu akaniinamia, akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu, akasema polepole ili mteja mwingine asisikie:

"Na pole sana kwa ya mdogo wako. Nililia. Mimi ningekuwa wewe nisingeyashika yale mashuka."

Nakumbuka alinisindikiza hadi barabarani na kunibebea mzigo, akidhani ni joto. Maskini, alikuwa amenifanyia wema mtupu. Njiani kila aliyeshika simu nilimwona ananijua.

Chiriku alirudi, akavua viatu, akavuta kigoda.

"Usikae," nikamwambia.

Akasimama. Alipoona uso wangu hakuuliza kuna nini. Hapo ndipo nilipojua si jambo lililomponyoka.

"Nani kakuambia?"

"Muuza vitambaa. Aliyelia kwa ajili yangu. Wewe niambie, ilikuwaje?"

Akaniambia, na kwa hilo nampa haki yake, hakuzunguka. Siku ya kwanza kabisa, ile ya uyoga, alikuwa laivu na wenzake wa mchezo akasahau kufunga sauti. Watu wakanisikia, wakapenda. Wakaandika: nani huyo bibi? Mrudishe bibi. Kesho yake akaacha sauti wazi kwa makusudi. Kesho kutwa pia. Wafuasi wakaongezeka mpaka yule Daktari wa Mazimwi mwenyewe akaja kunisikiliza. Kumbe lile kopo la vifungo lilikuwa jukwaa langu, na mimi nakaa pale na kanga kiunoni, najua niko chumbani kwangu.

"Na siku ile niliposema ya mdogo wangu?"

Alitazama sakafu. "Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, Bibi. Nilitaka kuzima. Lakini watu walikuwa wamenyamaza. Siku zote wanaandika, wanatukanana, wanacheka. Siku ile hakuna aliyeandika neno. Walikuwa wanakusikiliza wewe."

"Nilikwambia liishie kwenye kigoda."

"Nilidhani Bibi Mdogo hana habari na mambo ya simu."

"Kwa hiyo ulijua kuna wa kuumia. Ulimtegemea tu awe mjinga."

Akalia. Machozi yake huwa yananimaliza, tangu mtoto. Safari hii niliyatazama yakidondoka kwenye sakafu yangu, nikaona hayanifikii. Ule mto alioniletea nilikuwa nimeukalia, nikauchomoa chini yangu nikamrudishia. Ni jambo dogo, la kitoto, lakini ndilo lililokuwa mkononi. Nilijiuliza katika wema wake wote wa zile wiki, upi ulikuwa wa kwangu na upi wa wasikilizaji.

Alifuta kila kitu palepale mbele yangu. Lakini aliniambia pia, akifuta pua kwa mkono, kwamba wengine walishakikata kile kipande wakakisambaza. Watu walishakubaliana kwamba msaliti wa himaya ni binti mdogo wa mfalme. Wakipandwa na hasira wanamtukana yeye, na wengine wanachanganya, wanamtukana mdogo wangu.

Jioni ya kesho yake akasimama mlangoni kwangu, hakuingia.

"Wamesema, Bibi. Wenye mchezo wametangaza."

"Wamesema nini?"

"Hakuna aliyefungua lango. Mchoraji alisahau kuchora komeo likiwa limefungwa. Wameomba radhi, watarekebisha. Himaya ilianguka kwa tetemeko la ardhi."

"Na ile sura?"

"Waliiongeza baadaye. Ni ya binti wa bosi wao. Walimchora kumfurahisha."

"Na moshi?"

"Ni kivuli."

Nilicheka, kicheko ambacho sikukipenda. Watu wote wale na akili zao, na mimi na miwani yangu, tulimhukumu zimwi wa watu kwa komeo lililosahauliwa, tukamwashia na taa. Chiriku akaanza kucheka pia, akidhani mlango umefunguka. Nikageuzia uso kwenye mashine, kicheko chake kikakatika. Zimwi wake hakufanya kitu. Mtu wangu alikuwa amefanya, na siku hiyo asubuhi hakuja kazini.

Alikuja siku iliyofuata. Sindano nilikuwa nimeshazitunga. Hakukaa, hakuushusha mkoba begani.

"Mkwe wangu kaniwekea kitu nisikilize," akasema. "Kaniuliza, mama, hii si sauti ya mama mkubwa?"

Nilishika meza.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya mazishi."

Akatikisa kichwa, taratibu, kama mtu anayepiga hesabu ya maisha mazima. "Na ukanyamaza."

"Ulikuwa mtoto, mdogo wangu."

"Nilikuwa mtoto mwaka ule. Mwaka uliofuata nikakua. Nikaolewa ukanipamba. Nikazaa ukanikanda. Siku ngapi nimekaa kwenye kile kiti neno liko hapa kooni, nasema leo namwambia dada, halafu nakuonea huruma, nasema litamuua. Kumbe mwenzangu unalo, umelikunja kabatini."

"Nilikusamehe zamani. Siku ile ile."

"Nani alikuomba?" Sauti ikampanda. Sijawahi kumsikia hivyo. "Ulinisamehe kwa siri, peke yako, mimi sipo! Mimi kila siku nakunyang'anya pasi, najiambia kosa linapungua, linapungua. Na wewe unanitazama tu navyohangaika. Ulikuwa unaniona vizuri, eeh? Ulikuwa unajiona mtu mwema?"

"Sikutaka ushindwe kunitazama."

"Ukamwambia mtoto. Mimi uliyenikamulia mashuka hukuniambia, ukamwambia mtoto na simu yake."

Akageuka. Mlangoni alishika mwimo, maana hakuona vizuri kizingiti, nami nikainua mkono kumsaidia, ukabaki hewani. Sikuthubutu kumgusa.

Nilikaa mbele ya rundo la sketi. Nilikuwa nimejihesabu mimi ndiye niliyesalitiwa, mara ya kwanza na yeye, mara ya pili na mjukuu wangu, na hasira yangu ilikuwa safi kabisa. Sasa mtu ameniambia kwamba huruma yangu ilimfungia nje. Nilitafuta pa kukataa. Sikupaona.

Siku chache nilishona peke yangu na kupiga pasi mwenyewe, vibaya. Halafu nikajifunga kanga ya pili nikatoka. Chiriku alikuwa ukumbini, simu imelala kifudifudi mezani.

"Nikusindikize, Bibi?"

"Baki."

"Utanisamehe lini?"

"Sijui. Bado nina hasira na wewe, na ujue hivyo. Siku nikikusamehe nitakuita nikuambie mbele ya macho yako. Sitafanya kimya kimya tena."

Akaitikia kwa kichwa.

Mkwe wa mdogo wangu ndiye aliyenifungulia. Aliniangalia, akamwangalia mama mkwe wake, akachukua watoto na mpira wao, akasema wanakwenda kutembea, ingawa mmoja alikuwa bado na kijiko mdomoni. Nilimshukuru kwa macho. Mdogo wangu alikuwa kwenye mkeka, ungo wa mchele mapajani, anachambua kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Hakunikaribisha. Nikakaa.

"Sijaja kukusamehe," nikasema.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kukuambia kwamba ulinionea."

Vidole vikasimama.

Nikamwambia. Kwamba kwa miaka mingi nilikuwa napita njia ndefu ili nifike mbele ya hospitali wauguzi wanapobadilishana zamu, niwaone viatu vyao vyeupe. Kwamba mtoto wa jirani akiugua wakaniita nimshike, nilikuwa naenda, na nikirudi namchukia yeye mdogo wangu njia nzima mpaka kona ya nyumbani, na kwenye kona najipangusa uso ndipo naingia kumsalimia. Kwamba ningekuwa muuguzi mzuri. Hilo lilinishinda kulisema mara ya kwanza, nikalisema tena. Ningekuwa mzuri sana. Aliniibia hilo na sikupata kingine cha kuweka mahali pake.

Alikuwa analia bila sauti, mchele unaloa. Hakunizuia. Nilipomaliza nilihema kama mtu aliyepanda mlima.

"Niliogopa kubaki na mama peke yangu," akasema.

"Najua."

"Hujui." Akausogeza ungo pembeni, akajivuta hadi magoti yake yakagusa yangu, ili anione. "Acha kusema unajua, dada. Umejua mambo yangu miaka yote bila kuniuliza. Leo nisikilize."

"Nakusikiliza."

"Mama alikuwa analia usiku," akasema. "Kila usiku, wewe ukishalala."

Mimi sikuwahi kujua kwamba mama alikuwa akilia.